Mlango Mmoja wa Kinu

Ninyi mtakaosoma, naomba radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu unapinda, na mahali pengine nimeandika neno kama tunavyolitamka hapa kwetu, kwa sababu sijui linaandikwaje kwingine. Nilimaliza shule ya msingi tu. Kazi yangu ni kupiga randa mbao kwa seremala mmoja wa mtaa wetu wa Kampemba, huku Katanga, na mkono uliozoea randa unaibana kalamu kupita kiasi. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, na wale waliokuwapo wanalisimulia vibaya huku wakicheka. Kwa hiyo naandika.

Ng'ambo ya reli, upande wa viwanda, kuna jengo refu la matofali mekundu ambalo zamani lilikuwa kinu cha kusaga mahindi. Mwenyewe wa kwanza, mgeni, aliondoka wakati mali za wageni zilipogawanywa. Wa pili alikipata kinu kwa karatasi na hakujua kukiendesha. Mashine zikafa moja baada ya nyingine, majani yakaota mpaka mlangoni, na sisi watoto tulikuwa tukipita pale mbio kwa sababu ya popo. Halafu akatokea bwana mmoja aliyewahi kukaa Kinshasa. Hakubomoa kitu. Mashine kubwa ya kusagia aliiacha katikati ya ukumbi, akaipaka rangi ya kijani, na katika kile kinywa chake cha juu, walikokuwa wakimwaga mahindi, akapanda maua. Tangi la maji la uani akaligeuza kuwa bwawa la watoto kuogelea. Chini ya banda la mikokoteni akaweka biliadi. Hata mizani ya magunia aliiacha ndani, na watu wakishakunywa hupanda juu yake na kupimana wakicheka. Watu wa Makomeno walianza kuja Jumapili na magari yao, kisha sisi wa Kampemba tukaanza kuja kwa miguu. Bwana alikipa jina zuri la Kifaransa, limeandikwa getini kwa taa, lakini hakuna anayelitumia. Tunasema tu Ku Kinu.

Kitu kimoja bwana huyo hakukigusa: kuta. Yule mgeni wa kwanza aliogopa kuibiwa unga. Alijenga jengo lenye mlango mmoja, ili kila mfanyakazi anayetoka apite mbele ya mlinzi na kupapaswa. Madirisha aliyaweka juu kabisa, karibu na bati, tena akayatia vyuma. Bwana mpya alipaka kila kitu rangi na hakutoboa tundu hata moja. Choo kiko nje, upande wa pili wa ua. Haya yote yakumbukeni.

Mimi ni mtu wa haya. Sijui neno jingine. Shuleni, mwalimu akinisimamisha nisome, niliyaona maneno yote vizuri, lakini koo lilijifunga, na darasa zima lilikuwa likisikia nzi. Mpaka leo nikitaka sukari dukani nasubiri wengine waondoke kwanza. Sasa mwaka uliopita nilimposa msichana mmoja wa mtaa wetu. Familia yake ni watu wa kaskazini ya Katanga. Babu yake aliletwa huku na kazi ya reli, na baba yake, marehemu, alibeba magunia maisha yake yote. Posa ilikubaliwa. Kilichobaki ni siku ambayo watu wa kwao watapika, waniite, waniingize nyumbani kama mkwe.

Kabla ya siku hiyo, mama mkwe na mimi hatuonani. Sisemi kwamba tumegombana. Ni heshima. Sipiti mbele yake, simwangalii usoni, sitaji jina lake, siwezi kula anaponiona, naye hali ninapomwona. Yeye ananilinda mimi vilevile kama mimi ninavyomlinda yeye. Huko kijijini, nasikia, ukikutana na mama mkwe njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Mjini majani hakuna, kwa hiyo tunaingia penye mlango. Nimeingia kwa kinyozi nikanyolewa kichwa ambacho kilikuwa kimenyolewa juzi yake. Nimeingia kwa fundi cherehani nikasimama katikati ya wanawake wanaopimwa magauni. Siku moja niliingia zahanati, kumbe ni siku ya wajawazito, na nesi akaniuliza nina mimba ya miezi mingapi.

Mnaweza kucheka, mimi sikucheka. Dada mkubwa wa mchumba wangu alikuwa naye ameposwa, na mwanaume yule alikutana na mama bombani asubuhi, akamnyoshea mkono amsalimie kama jirani. Mjomba wao alirudisha vyote vilivyoletwa, mpaka blanketi. Alisema mtu ambaye hawezi kumheshimu mama atamheshimuje mtoto. Dada yule mpaka leo yuko nyumbani. Mimi niliijua habari hiyo, kila mtu mtaani aliijua, na kila nilipotoka nje nilitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nina kaka, mtoto wa baba yangu mkubwa, fundi baiskeli, mtu mnene mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa reli. Mimi namwita yaya, kama tunavyomwita hapa kwetu ndugu mkubwa. Jumapili moja ya kiangazi alikuja nyumbani baada ya misa.

"Vaa shati," alisema. "Tunaenda Ku Kinu."

"Kufanya nini, yaya?"

"Kula. Kunywa. Kuketi fasi iko bantu, uzoee watu. Utaoa namna gani, weye mwenye kuogopa hata kuomba limonadi? Siku ya ndoa njo utajificha chini ya meza, bibi acheze na miye?"

Nikavaa shati langu jeupe, moja tu nililokuwa nalo la kwendea watu, tukaenda.

Ukumbi ulikuwa bado nusu mtupu. Yaya alichagua meza ya mwisho kabisa, nyuma ya mashine, karibu na ukuta ambako kreti za bia zilikuwa zimepangwa mpaka juu ya kichwa cha mtu. Alisema kutoka pale tutaona kila mtu anayeingia. Alinipandisha kwenye mizani, akasoma, akapiga kelele kwamba gunia hili halijajaa, lirudishwe. Watu wakageuka. Nilishuka masikio yakiwaka. Kisha mhudumu akaja, mtu mzima mpole, mgeni wa mji, aliyechanganya Kiswahili na Kilingala.

"Sitwayen," akasema, yaani raia, kama tunavyoitana siku hizi, "munakula nini?"

"Agiza," yaya akaniambia. "Miye ni bubu leo."

Mhudumu alisubiri. Niliona maneno yote. Mwishowe nilionyesha kwa kidole sahani ya meza ya jirani, ambayo ilikuwa na michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, pamoja na bukari, ugali wetu. Yaya akatikisa kichwa akaagiza na bia mbili kubwa. Ya kwangu niliinywa haraka, kwa sababu ya aibu, na yaya akaleta nyingine. Bendi ilikuwa ikikaza nyuzi za gitaa zake. Nakumbuka nilianza kujisikia vizuri. Nilifikiri: kumbe mtu anaweza kuketi tu mahali, na hakuna anayemuuliza kitu.

Ndipo wakaingia wanawake wa chama cha parokia. Wote walikuwa na kitenge kimoja cha bluu chenye picha ya rozari. Mwenzao mmoja, mama yake mwenye Kinu, alikuwa amewaalika waje kula baada ya misa. Walikuwa wakicheka kwa sauti, wakishika kuta na kuulizana hapa palikuwa pa nini, na pale palikuwa pa nini. Katikati yao nikamwona mchumba wangu, amebeba mkoba ambao haukuwa wake. Niliujua mkoba ule. Nilikuwa nimeukimbia mara nyingi barabarani.

Nilijishusha nyuma ya mashine mpaka kidevu kikafika mezani.

"Nini?" yaya akauliza.

"Mama."

"Mama nani?" Akageuka, akaona, na mwili wake wote mnene ukashuka vilevile. Maana kwa desturi yetu, mama mkwe wa mdogo ni mama mkwe wa mkubwa pia. "Ah, Mungu," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Miye nayo nimo."

Nilitazama kupitia katikati ya magurudumu ya mashine. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Wenzake walikuwa wakielekea meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, karibu na bendi. Yeye hakuwafuata. Alisimama kitambo, uso ameuinamisha. Kisha akavuta kiti kimoja, akakiweka kando ya mlango, karibu kabisa, akaketi akitazama nje, mgongo wake umeelekea ukumbi. Wenzake walimwita. Alisema anataka hewa. Basi wakahamisha meza ndefu, sahani, kitambaa na vyote, wakaja wote kumzunguka pale alipo, na mlango ule mpana ukabaki na nafasi ya mtu mmoja, nayo inapita magotini pake.

Amekaa kama kufuli, niliwaza.

Chakula chetu kikaja. Bukari ilikuwa inatoa moshi, nyama ina pilipili na vitunguu. Yaya aliitazama. Aliinyoshea mkono, akaurudisha.

"Yeye hatuoni," nilisema. "Mgongo wake uko huku."

"Na akigeuka? Akute miye nimefungua kinywa hivi?" Alifungua kinywa kunionyesha, kisha akakifunga kwa huzuni. "Ile mbuzi ilikufa bure."

Tukakaa. Bendi ikaanza. Watu wa Makomeno wakasimama kucheza, na mimi nikashukuru kwa ajili ya miguu yao, kwa kuwa ilitufunika. Mhudumu akaja kuuliza kama chakula kina kasoro. Yaya akasema tunafunga. Mhudumu akatazama chupa za bia, akasema haya.

Nataka mjue ilivyokuwa, kwa sababu wanaosimulia huiruka sehemu hii. Nilitazama madirisha, yako juu na yana vyuma. Nilitazama mlango, na kila mara nilipoutazama niliona kilemba cha bluu hakijasogea. Bia ilianza kufanya kazi yake ndani yangu na choo kiko uani. Nilikunja miguu. Nikaikunja upande wa pili. Mwanga uliokuwa ukipita kwenye madirisha ya juu ulikuwa umeanguka kwenye maua ya mashine tulipofika, na sasa ulikuwa unapanda ukuta polepole, na mimi niko palepale. Nilikuwa sijafanya kosa lolote. Hilo ndilo lililonibana zaidi. Mtu aliyekosa anajua ameingiaje ndani. Mimi nilikuja kula tu, na nikabaki kwenye ukumbi uliojaa watu wanaocheza, kama gunia lililosahauliwa.

Yaya alishindwa kunyamaza muda mrefu.

"Tutoke tumejifunika kitambaa cha meza," alisema. "Kama maiti. Bantu wataachia njia."

"Yaya, acha."

"Ao ule wa kuhudumia apite pale akamuambie."

"Amuambie nini? Atasema, mama, mkwe wako yuko kule, anakuogopa. Atanionyesha kwa kidole."

Yaya akafikiria kidole kile, akaliacha wazo.

Ndipo mchumba wangu akaja. Hakuja kwetu. Alikuja kwenye mizani, kama wanavyofanya wote, akapanda, akawa anatazama namba, na akasema bila kugeuza kichwa:

"Mama alikuonaka tangu mulangoni. Aliona shati yako."

Nilitazama shati lile jeupe.

"Njo maana aliketi vile. Alikupa mugongo juu ya heshima. Anangoya utoke. Hakuli. Sahani yake iko vile waliileta. Bamama banamuuliza kama iko mugonjwa."

"Nitoke wapi?" Hapo sauti ilinitoka. "Mlango wenyewe ameukalia!"

Akageuka kidogo, akautazama mlango, na niliona kwamba hata yeye alikuwa hajalifikiria. Mama yake alichagua kiti kile ili asinione. Aliona ndiyo njia bora ya kuniachia ukumbi mzima. Alinipa nafasi yote aliyokuwa nayo isipokuwa ile niliyoihitaji. Na sasa alikuwa hawezi kusimama ahame, kwa sababu akisimama atageuka, na akigeuka ataniona. Mimi nilimsubiri yeye amalize kula. Yeye alinisubiri mimi nitoke ili aanze.

"Umuambie ahame," yaya akasema kutoka chini ya meza.

"Miye?" Mchumba wangu alicheka kidogo, cheko la hasira. "Miye nisimamishe mama yangu mbele ya bamama bote, juu ya bwana mwenye hajaingia hata mu nyumba yetu? Watasema nimeishaolewa mu kichwa. Hapana. Aseme yeye mwenyewe."

"Siwezi kusema naye," nikasema. "Unajua."

"Usiseme naye. Useme na kitu. Bazee njo walifanya vile. Unaambia mti, ao chungu, na yeye anasikia." Alishuka kwenye mizani. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ndogo: "Na usikawie. Mujomba anakuya kutubeba na kamioneti. Akikuta weye na mama chini ya bati moja, na sahani mbele ya kila mutu, hatauliza nani aliingia wa kwanza."

Akarudi kwa wenzake, mkoba wa mama yake mkononi. Nilimtazama mgongo wake nikafikiria dada yake, yule aliyebaki nyumbani, na blanketi lililorudishwa.

Desturi hiyo ya kusema na kitu naijua. Bibi yangu aliifanya. Watu wawili wasioruhusiwa kuongea wako pamoja, mmoja analiambia jiwe la mekoni shida yake, na mwingine analijibu jiwe. Hakuna anayevunja kitu. Lakini bibi alifanya hivyo nyumbani, mbele ya kuku. Mimi nilitakiwa kufanya Ku Kinu, siku ya Jumapili, mbele ya watu waliokuja na magari.

Nilingoja wimbo uishe. Ulipoisha nikafungua kinywa, na wimbo mwingine ukaanza, nikafurahi. Huo nao ukaisha. Nikasema: subiri, watu bado wanarudi vitini. Mwanga ulikuwa umefika karibu na bati. Yaya hakunitania tena. Alikuwa akiniangalia tu, jasho likimtoka, na naamini alikuwa na shida ileile ya choo, kwa sababu alikuwa amekunywa kunizidi.

Wapiga gitaa waliweka vyombo chini wakaenda kunywa maji. Ukumbi ukawa na kelele ya vijiko tu. Nikasimama nyuma ya mashine, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya chuma chake. Kilikuwa cha baridi. Nikasema:

"Weye mashine."

Hakuna aliyesikia. Hata mimi sikusikia vizuri.

"Mashine kiziwi," yaya akanong'ona. "Ilisaga miaka. Ongeza."

"Weye mashine!" nikasema.

Sasa walisikia. Meza ya karibu ikageuka. Mtu mmoja mwenye abakosti safi, lile koti lisilovaliwa na tai, alicheka, akasema kijana amekunywa vizuri. Koo likaanza kujifunga kama zamani, na nikaona darasa, na nzi. Nikakazia macho rangi ya kijani. Palikuwa na mahali ilipobanduka, na chini yake kukaonekana chuma chenyewe, cheusi, kimelainika kwa kuguswa. Nikasema na mahali pale.

"Weye mashine, uko mukubwa hapa, unaona wote. Ambia mama yetu kwamba mutoto wake iko nyuma yako. Hakukuya kwa kumukosea. Anataka kutoka, lakini njia moja tu njo ile, na ile njia ni ya mama. Mashine, umuulize afanye namna gani."

Wengine walicheka tena, lakini si wote. Kwenye meza moja ya wazee nilisikia mtu akisema, "Nyamazeni. Anaongea na mukwe wake." Na neno hilo likapita kutoka meza hadi meza, na vijiko vikanyamaza. Hata mhudumu alisimama na sinia yake katikati ya ukumbi. Kilemba cha bluu hakikugeuka.

Halafu mama akasema. Alisema akitazama uani, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani juu ya ua.

"Weye mashine. Unanijua. Bwana yangu alikulisha mahindi mpaka mabega yakaota sugu."

Mimi sikujua hilo. Nilijua alibeba magunia. Sikujua ni hapa.

"Ambia ule mutoto," mama akaendelea, "kwamba hii nyumba ilikuwaka na kinywa cha pili. Si cha bantu, cha magunia. Nyuma ya fasi banapanga bia, chini, kuko kifuniko cha chuma. Siku ya posho siye babibi tulisimama pale nje na mabeseni, na bwana yangu alikuwa anasukuma gunia ndani, linateleza, linafika kwetu. Umuambie ashike chuma cha upande wa kushoto. Cha kuume kilikataka mikono."

Mhudumu alitazama kreti, akatazama mashine, kana kwamba ni kweli imesema.

"Kumbe kuko mulango!" alisema.

Watu wawili watatu waliinuka kumsaidia. Kreti zikaondolewa, na nyuma yake, kwenye ukuta, kweli kulikuwa na kifuniko cha chuma kilichopakwa rangi sawasawa na matofali. Walikigonga kwa chupa tupu mpaka kikalegea. Hewa ya nje ikaingia. Kwa upande wa nje niliona ubao mrefu uliolala ukishuka mpaka chini, umeng'arishwa na magunia.

Niliingia miguu mbele. Nikashika chuma cha kushoto. Niliteleza, nikaanguka majanini nyuma ya jengo, na vumbi la unga wa zamani, ambalo lilikuwa limekaa humo miaka yote ile, likaniangukia kichwani na mabegani. Yaya alifuata. Alikwama kiunoni, akataja watakatifu wengi, watu wa ndani wakamsukuma, akatoka, na kifuani amebana michopo yetu ndani ya gazeti. Tulikimbilia chooni.

Niliporudi nyuma ya ukuta kumsubiri yaya, kifuniko kilikuwa bado wazi. Nilisikia sauti za wanawake, vicheko, mtu akisema, "Sasa kula, mama, kula." Kisha nikasikia kijiko kinagonga sahani. Nilisimama pale nikisikiliza kijiko kile. Njaa yote iliyokuwa imenishika iliondoka.

Kamioneti ya mjomba iliingia getini nikiwa bado najipangusa. Ni mtu mrefu, hacheki ovyo. Aliniona, akashuka, akaja polepole.

"Unatoka wapi vile, mweupe?"

Nilikuwa nimetumia maneno yangu yote kwa mashine. Nikaonyesha kwa kidole kifuniko kilicho wazi ukutani na ule ubao.

Aliutazama ule ubao. Kisha alinyosha mkono, akapangusa unga begani pangu, akauangalia kwenye vidole vyake.

"Shemeji yangu alikuwaka anarudi nyumbani vile," alisema. "Watoto walimukimbia." Akaenda zake mbele, kwenye mlango.

Baadaye nilipata habari kwamba alimuuliza mama kama kijana yule alimpita mbele. Mama alijibu kwamba hakuona mtu. Alisikia mashine tu.

Haya yalitokea kiangazi kilichopita. Watu wa kwao wamekubali kuniingiza baada ya mvua. Lakini mjomba ameamua karamu isifanyikie nyumbani, nyumba ni ndogo. Itafanyika Ku Kinu. Itabidi nisimame mbele ya wote niseme maneno ya mkwe, safari hii bila mashine kati yetu, na mama akinitazama usoni. Kila usiku nayasema maneno hayo kimoyomoyo, na kila usiku yanakwama palepale. Na lile tundu halipo tena. Walevi waligundua wanaweza kuteleza nje bila kulipa, na mwenye Kinu ameliziba kwa matofali. Nilipita kuliangalia wiki iliyopita. Saruji imekauka. Mlango umebaki mmoja.

Mpaka siku ile ifike bado naingia kwa kinyozi.

Ndiyo sababu ya karatasi hii. Katika ninyi mnaosoma lazima yuko mmoja ambaye koo lake ni kama langu, na ambaye alisimama siku yake akasema. Nawaomba mniandikie mlifanyaje: mlitazama nini, neno la kwanza mlilitoaje. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya, nitasoma polepole kama ninavyoandika. Ila msikawie sana, mvua zimeshaanza.